Jimbo la Vermont Lilivyopiga Kura Mwaka 1936

Wasikilizaji wetu, nanyi wanafunzi mtakaoyasoma maneno haya shuleni, wazee wetu walituachia methali nyingi juu ya wingi wa watu. Walisema, "Wengi wape," na tena wakasema, "Penye wengi pana Mungu." Maana yake twaijua: neno lililokubaliwa na watu wengi hapana budi lifuatwe, la sivyo baraza halina mwisho. Lakini wazee hao hao walisema pia, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Basi leo twataka kuzungumza habari za watu wachache waliosimama upande wao siku ambayo karibu nchi yao nzima ilikwenda upande wa pili. Watu hao ni wa jimbo la Vermont katika nchi ya Marekani, na siku yenyewe ni Jumanne, tarehe 3 Novemba, mwaka 1936.

Kwanza yafaa tueleze jinsi Rais wa Marekani anavyochaguliwa, maana asiyejua taratibu hiyo hawezi kuifahamu hadithi yetu. Nchi ile ni muungano wa majimbo, na mwaka 1936 majimbo yalikuwa 48. Raia wanapokwenda kupiga kura, kura zao huhesabiwa jimbo kwa jimbo, wala hazitupwi zote katika kapu moja la nchi nzima. Kila jimbo limepewa idadi ya wajumbe wateuzi, nao ndio wanaomteua Rais. Idadi hiyo hupatikana kwa kujumlisha maseneta wa jimbo, ambao siku zote ni wawili, na wabunge wake, ambao hupungua au huongezeka kwa kadiri ya watu wanaokaa humo. Mwaka ule wajumbe wote walikuwa 531. Jimbo la New York lilikuwa na wajumbe 47, na Vermont, ambayo watu wake walikuwa 360,000 hivi, ilikuwa na wajumbe 3 tu, ndiyo idadi ndogo kabisa ambayo jimbo laweza kupewa. Desturi ikawa kwamba mtu akishinda katika jimbo, hata kwa kura chache, huwapata wajumbe wake wote. Ndiyo sababu mtu aliyeshinda kidogo kidogo mahali pengi aweza kuonekana kuwa ameshinda kwa kishindo.

Sasa tuitazame hali ya nchi. Mwezi wa Oktoba 1929 bei za hisa zilianguka katika soko la New York, na baada yake dhiki kubwa ikaenea. Viwanda vilifungwa, mabenki yakavunjika, wakulima wakauza mazao yao kwa bei isiyolipa hata gharama ya kuyapeleka sokoni. Ilipofika mwanzo wa 1933, katika kila wafanyakazi wanne mmoja hivi hakuwa na kazi. Rais wa wakati ule, Bwana Herbert Hoover wa chama cha Republican, alikuwa amekwisha kushindwa katika uchaguzi wa 1932, na mahali pake akaingia Bwana Franklin Roosevelt wa chama cha Democrat.

Bwana Roosevelt hakukaa kimya. Aliwafungulia watu kazi za serikali za kujenga barabara, madaraja na shule. Akawakusanya vijana wasio na kazi katika makambi ili wapande miti na kuhifadhi ardhi. Akatoa ruzuku kwa wakulima. Na mwaka 1935 ikatungwa sheria ya kuwapa wazee malipo ya uzeeni. Tena alikuwa na jambo moja linalotuhusu sisi tunaozungumza kwa redio. Tarehe 12 Machi 1933 alikaa mbele ya chombo cha redio akawaeleza raia, kwa maneno mepesi, kwa nini mabenki yalikuwa yamefungwa, na kwa nini si hatari kurudisha fedha zao humo. Hakuhutubu kama mtu aliyesimama juu ya jukwaa, bali alisema kama mgeni aliyekaribishwa kando ya moto, na watu wakamsikiliza nyumbani mwao. Siku zilizofuata wengi walikwenda wakazirudisha fedha benki. Tangu hapo mazungumzo yake ya redio yakawa sehemu ya utawala wake.

Walakini hakuna kiongozi apendwaye na wote. Walikuwako waliosema kwamba serikali kuu inajitwalia mamlaka mengi mno, kwamba inatumia fedha isizo nazo, na kwamba mtu aliyezoea kupewa husahau kujitafutia. Chama cha Republican kilimchagua Bwana Alfred Landon, gavana wa jimbo la Kansas, ashindane na Rais. Bwana Landon alikuwa mtu mpole, mfanyabiashara wa mafuta ya ardhini, aliyesifiwa kwa sababu katika jimbo lake matumizi ya serikali hayakupita mapato. Hakuipinga kila kazi ya Bwana Roosevelt, lakini alisema kwamba nyingi zimefanywa kwa haraka na kwa gharama kubwa.

Je, nani angeshinda? Hapo pana kisa cha kufundisha. Lilikuwako gazeti moja mashuhuri, jina lake Literary Digest, ambalo lilikuwa na desturi ya kuwauliza watu kwa barua kabla ya uchaguzi, na katika chaguzi zilizotangulia lilikuwa limebashiri sawasawa. Mwaka 1936 lilipeleka karatasi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Hesabu hiyo haikuwa na mfano. Gazeti likatangaza kwamba Bwana Landon atashinda katika majimbo 32. Mtu mwingine, Bwana George Gallup, aliuliza watu wachache kuliko hao, lakini aliwachagua kwa uangalifu ili kila namna ya watu iwemo, naye akasema kwamba Bwana Roosevelt ndiye atakayeshinda.

Kosa la gazeti lilikuwa nini? Mpishi akitaka kujua kama chungu kimekolea chumvi, hana haja ya kunywa nusu ya mchuzi. Kijiko kimoja chatosha, mradi amekwisha kuukoroga. Gazeti lilikunywa vibakuli vingi, lakini kutoka juu ya chungu kisichokorogwa. Majina mengi yalitolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na katika siku za dhiki watu hao hawakuwa maskini. Tena wenye hasira juu ya Rais walikuwa wepesi zaidi kurudisha karatasi kuliko walioridhika. Uchaguzi ulipokwisha gazeti lile lilipoteza heshima yake, na mwaka 1938 likafa.

Palikuwa na dalili nyingine iliyowadanganya watu. Jimbo la Maine, lililoko kaskazini mashariki kabisa, lilikuwa na desturi ya kumchagua gavana wake mwezi wa Septemba, mbele ya majimbo mengine. Tangu karne ya 19 ulikuwako msemo kwamba nchi nzima hufuata njia iliyofuatwa na Maine. Tarehe 14 Septemba 1936 Maine ikamchagua gavana wa chama cha Republican, na wafuasi wa Bwana Landon wakafurahi wakidhani kwamba mvua imekwisha kutoa wingu lake. Lakini Bwana James Farley, aliyesimamia shughuli za uchaguzi kwa upande wa Bwana Roosevelt, alikuwa amekusanya habari kutoka kila pembe ya nchi. Kabla ya siku ya kura alimwandikia Rais kwamba atashinda katika majimbo yote isipokuwa mawili, Maine na Vermont.

Ikawa kama alivyoandika. Bwana Roosevelt alipata kura za raia zaidi ya milioni 27, na Bwana Landon zaidi ya milioni 16. Kwa hesabu ya wajumbe, Bwana Roosevelt alipata 523 na Bwana Landon 8, yaani 5 wa Maine na 3 wa Vermont. Hata Kansas, jimbo lake mwenyewe, halikumchagua. Hata New Hampshire, jimbo lililobanwa katikati ya Vermont na Maine, lilikwenda kwa Bwana Roosevelt, ingawa tofauti haikufika kura 4,000. Bwana Farley akaugeuza ule msemo wa kale kuwa mzaha: akasema kwamba jinsi Maine inavyokwenda, ndivyo Vermont inavyokwenda. Nchi nzima ikacheka.

Basi watu hawa wa Vermont walikuwa nani, hata wakawa ni wa kuchekwa? Nchi yao ni ndogo, maili za mraba 9,600 hivi, nayo imepakana na Kanada upande wa kaskazini. Katikati yake, kutoka kusini hata kaskazini, yapita Milima ya Kijani. Majira ya baridi ni marefu na theluji ni nyingi. Ardhi ina mawe, na wakulima wake walikuwa hasa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, waliyoyapeleka kwa reli mpaka Boston na New York. Wengine walichimba mawe: marumaru katika wilaya ya Rutland, na matale ya kujengea na kuchongea makaburi katika mji wa Barre. Hawakuwa watu matajiri, wala haikuwa kweli kwamba dhiki haikuwagusa.

Lakini walikuwa watu wenye historia yao. Mwaka 1777, majimbo mengine yalipokuwa yakipigana na Uingereza, Vermont ilijitangaza kuwa nchi peke yake, ikakaa hivyo hata 1791 ilipoingia katika muungano na kuwa jimbo la 14. Katiba yake ya 1777 ilikataza kumweka mtu mzima katika utumwa, jambo ambalo katiba ya jimbo lolote jingine lilikuwa halijalifanya. Chama cha Republican kilipoundwa mwaka 1854 ili kuzuia utumwa usienee, watu wa Vermont walikiona kuwa ni chao. Mwaka 1860 walimpa Bwana Abraham Lincoln robo tatu ya kura zao. Jambo la ajabu ni kwamba mmoja wa wapinzani wake mwaka ule, Bwana Stephen Douglas, alikuwa mzaliwa wa Vermont, katika mji wa Brandon. Lakini hawakumchagua kwa kuwa ni mwana wao, walimkataa kwa neno la utumwa. Vita vya majimbo vilipoanza, watu kama 34,000 walitoka katika jimbo hilo dogo kwenda kupigana, na zaidi ya 5,000 hawakurudi.

Tangu 1856 hata 1936 Vermont haikuwahi kumpa mtu wa Democrat kura zake za urais hata mara moja. Chama kilikuwa kama mbiu ya ukoo. Baba alimwachia mwana pamoja na shamba. Tena mzaliwa mwingine wa jimbo hilo, Bwana Calvin Coolidge, alikuwa Rais wa nchi toka 1923 hata 1929. Habari ya kifo cha Rais aliyemtangulia ilimkuta usiku katika kijiji cha Plymouth Notch, nyumbani kwa baba yake, naye akaapishwa na baba yake mwenyewe kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mwacha asili ni mtumwa, husema Waswahili, na watu wa Vermont walishika asili yao.

Lakini tukisema kwamba walipiga kura kwa mazoea tu, tutawadhulumu. Yako mambo mawili ya kuyatia katika mizani.

Jambo la kwanza ni baraza. Kila mwaka, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, raia wa miji midogo mingi ya Vermont hukutana katika ukumbi wao. Humo huamua wenyewe kodi itakuwa kiasi gani, ni barabara gani itengenezwe, na nani awe mwangalizi wa fedha zao. Mkulima husimama akamwuliza karani kila senti imekwenda wapi. Watu waliolelewa katika baraza la namna hiyo huwa wagumu kuamini kwamba mtu aliye mbali katika mji mkuu ajua haja zao kuliko wao.

Ugumu huo ulionekana wazi tarehe 3 Machi 1936, miezi minane kamili kabla ya uchaguzi wa Rais. Serikali kuu ilikuwa tayari kujenga barabara nzuri ya kutembelea, itakayopita juu ya Milima ya Kijani tangu mpaka wa kusini hata karibu na mpaka wa Kanada. Mamilioni ya dola yangeletwa, na watu wengi wangepata kazi. Jimbo lenyewe lilitakiwa kutoa fedha kidogo kwa kununua ardhi. Walioitaka walisema, kazi hii ni riziki, na wageni watakuja na fedha zao. Walioikataa walisema, ardhi ya milima yetu itakuwa mikononi mwa serikali iliyo mbali, na milima ikikatwa haitarudi kuwa kama ilivyokuwa. Neno hilo likapelekwa katika mabaraza ya miji yote, likapigiwa kura. Waliokataa waliwazidi waliokubali kwa kura zaidi ya 10,000. Barabara ile haikujengwa. Mtu aweza kuwaona kuwa wapumbavu, au aweza kuwaona kuwa wenye hekima. Lakini hawezi kusema kwamba hawakuulizwa, wala kwamba hawakufikiri.

Jambo la pili ni kwamba Vermont yenyewe haikuwa na sauti moja. Siku ile ya Novemba Bwana Landon alipata kura 81,023, na Bwana Roosevelt kura 62,124. Maana yake, katika kila watu 100 waliopiga kura, 56 walikuwa wa Landon na 43 walikuwa wa Roosevelt. Mwaka 1932 walikuwa 41 tu. Kwa hiyo hata katika jimbo lililomkataa, Rais alikuwa ameongeza wafuasi. Katika wilaya tatu za kaskazini magharibi, yaani Chittenden, Franklin na Grand Isle, alishinda. Huko walikaa wengi wenye asili ya Kifaransa waliotoka Kanada, watu wa dini ya Katoliki, na baadhi yao walifanya kazi katika viwanda vya nguo. Wao hawakurithi mbiu ile ya ukoo, wala babu zao hawakupigana chini ya Lincoln. Basi tukisema "Vermont ilimkataa Roosevelt," tumesema kweli, lakini kweli iliyofunika watu 62,124 chini ya blanketi moja. Kadhalika tukisema "Marekani ilimchagua Roosevelt," tumewafunika watu zaidi ya milioni 16.

Hapa tungependa msomaji atulie kidogo, atazame jimbo jingine. South Carolina liko kusini, na mwaka ule lilimpa Bwana Roosevelt karibu kura 99 katika kila 100. Mtu asikiaye hivyo atasema, huo ndio umoja! Lakini tuhesabu vichwa. South Carolina lilikuwa na watu zaidi ya 1,700,000, na waliopiga kura walikuwa 115,000 hivi. Vermont lilikuwa na watu 360,000 hivi, na waliopiga kura walikuwa 143,000 na zaidi. Jimbo lenye watu mara tano hivi kuliko jingine lilitoa kura chache kuliko hilo! Wengine walikwenda wapi? Wengi wao walikuwa watu weusi, wajukuu wa waliokuwa watumwa, ambao sheria za jimbo ziliwazuia kwa kodi ya kura, kwa masharti ya kusoma na ya kuwa na mali, na kwa kuwafungia mlango katika uchaguzi wa ndani wa chama cha Democrat, ambao ndio ulioamua kila kitu. Hata wazungu maskini wengi hawakujisumbua kwenda, maana mshindi alijulikana kabla ya siku.

Na sasa tazameni hesabu ya wajumbe. South Carolina lilikuwa na wajumbe 8. Maine na Vermont, kwa pamoja, walikuwa na wajumbe 8. Kwa hiyo jimbo moja ambamo maelfu kwa maelfu walinyamazishwa lilitosha kuyasawazisha majimbo mawili ambamo watu walibishana wazi. Hatusemi kwamba Bwana Roosevelt asingeshinda bila kura hizo. Angeshinda, tena kwa wingi mkubwa, kwani mwaka ule ule watu weusi wengi wa miji ya kaskazini, walioruhusiwa kupiga kura, waliacha chama cha Lincoln wakampigia yeye. Twasema tu kwamba kishindo cha kura si kipimo cha haki yake. Kimya cha watu wote chaweza kuwa ni radhi, nacho chaweza kuwa ni mkono uliofunika kinywa. Mahali ambapo 56 wamesema hivi na 43 wamesema vile, twajua angalau kwamba vinywa vilikuwa wazi.

Je, baada ya kucheka, nchi iliwafanyia nini watu wa Vermont? Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. Katika nchi nyingi, mji uliomkataa mtawala hungojea kwa hofu kuona atalipiza vipi. Hapo nyuma, tarehe 3 na 4 Novemba 1927, mafuriko makubwa yalikuwa yameikumba Vermont. Watu 84 walikufa, na miongoni mwao alikuwa naibu wa gavana. Madaraja zaidi ya 1,000 yalichukuliwa na maji. Ili maafa hayo yasirudi, serikali ya Bwana Roosevelt ilikuwa imepeleka vijana wa makambi, pamoja na askari wa zamani waliopigana vita vya 1914 hata 1918, wajenge mabwawa ya kuzuia maji huko East Barre, Wrightsville na Waterbury. Kazi hiyo ilianza kabla ya uchaguzi wa 1936, na baada ya uchaguzi haikuachwa. Mabwawa yalikwisha, na maji yakazuiwa juu ya waliomchagua Rais na juu ya wasiomchagua, bila kuulizwa nani ni nani.

Wala watu wa Vermont nao hawakuwa wakaidi wa kukataa kila kitu. Siku ile ile walimchagua Bwana George Aiken kuwa gavana. Alikuwa mtu wa Republican, mwenye bustani ya miche katika mji wa Putney, aliyependa maua ya mwituni hata akaandika kitabu juu yake. Alishindana na serikali kuu alipoona kwamba inataka kutwaa ardhi ya mabwawa bila idhini ya jimbo, lakini aliwaambia wenziwe wa chama pia kwamba chama kisichosikia dhiki ya wakulima na wafanyakazi hakitapona. Baadaye aliingia Seneti mwaka 1941, akakaa humo hata 1975.

Mwaka 1940 na mwaka 1944 Vermont na Maine zilimkataa tena Bwana Roosevelt. Hivyo katika chaguzi zake nne, hayo ndiyo majimbo mawili pekee ambayo hayakumchagua hata mara moja. Lakini asidhani mtu kwamba moyo wa jimbo ni jiwe. Mwaka 1964 Bwana Lyndon Johnson wa chama cha Democrat aliposhinda kwa kishindo, Vermont ilimpa karibu theluthi mbili ya kura zake. Ndiyo mara ya kwanza kufanya hivyo tangu chama cha Republican kuzaliwa. Na tangu 1992 hata 2024, katika kila uchaguzi wa Rais, ilimpa kura mtu wa Democrat. Watoto wa watoto wa watu wa 1936 walifika upande ule ambao babu zao waliukataa, nao walifika kwa miguu yao wenyewe, hapana aliyewaswaga.

Wala Vermont haikuwa ya mwisho kusimama na wachache. Mwaka 1972 Bwana Richard Nixon alishinda katika majimbo 49 kati ya 50, na Massachusetts peke yake, pamoja na mji mkuu wa Washington, ikamkataa. Mwaka 1984 Bwana Ronald Reagan naye alishinda katika majimbo 49, na Minnesota pamoja na mji mkuu wakamkataa. Bwana Nixon alijiuzulu mwaka 1974 kwa fedheha, miaka miwili isiyotimia tangu ushindi ule mkubwa.

Tumerefusha maneno, na wakati umekwisha. Hatukusimulia habari hizi ili kusema kwamba wachache ndio wenye haki siku zote. Huenda watu wa Vermont walikosea mwaka 1936. Wazee wengi wa nchi ile waliishi vizuri zaidi kwa sababu ya sheria ya 1935 ambayo Bwana Landon aliipinga. Twasema hivi tu: wengi wapewe, kwa kuwa ndiyo kanuni ya baraza, lakini baada ya kuwapa, na tuwatazame wale waliobaki upande wa pili. Tuulize kama walisikilizwa, kama walirudi nyumbani kwa salama, na kama bwawa lao lilijengwa. Kijiji ambacho mtu mmoja aweza kusimama barazani akasema "mimi sikubali," kisha akaketi na kula pamoja na wenziwe, hicho kina nguvu kuliko kijiji ambacho wote huitikia "ndiyo" na kila mmoja akamwogopa jirani yake.